Barua ya Kuuliza Idadi

Jumatatu, 2 Septemba 1957. Njoro

Daftari hili ni la stoo. Kurasa za mbele zina hesabu ya magunia ya mwaka juzi, na zilizobaki hakuna anayezihitaji, kwa hiyo nimelichukua. Baada ya miaka ishirini na tisa nadhani naweza kuchukua daftari moja.

Leo saa nne Bwana Kofia, mzungu mwenye shamba, aliniita ofisini. Kofia ndilo jina tulilompa sisi wa shambani, maana haivui hata mezani mpaka mkewe amguse bega. Akasema, "Karani, wewe nafanya kazi mzuri, miaka mingi. Lakini sasa wewe kwisha zeeka. Mavuno hii, halafu basi. Mwezi ya kumi na mbili mimi nataka nyumba." Nikamjibu ndiyo, Bwana. Nilijibu upesi kana kwamba ameniambia nilete ufunguo. Kisha nikarudi stoo kuhesabu magunia matupu. Yako 1,140, na kama mia mbili yametobolewa na panya.

Jioni nilimwambia mke wangu Chemutai. Aliacha kupepeta mahindi, akauliza kitu kimoja tu: tutakula nini? Nikamwambia nitapiga hesabu. Akasema haya, piga, akarudi kwenye ungo wake.

Jumatano, 4 Septemba

Hesabu ndiyo hii. Posta ya Nakuru nina shilingi 612. Kofia ameahidi mshahara wa miezi miwili, shilingi 220. Unga, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, sukari ya mgeni na kodi ya serikali, watu wawili hawashuki chini ya shilingi 18 kwa mwezi. Nimegawanya mara tatu na jibu halibadiliki: miaka mitatu na miezi kumi, kama hakuna atakayeugua. Mimi nina hamsini na sita au na saba. Chemutai nimemzidi miaka tisa, na nyonga yake imeanza kumsumbua. Mimi nikienda mwaka wa nne, yeye atabaki na chumvi.

Kwetu Bureti kuna ekari mbili za marehemu baba, zenye mawe kuliko udongo. Nyumba inaweza kusimama hapo, lakini chakula hakitoshi.

Halafu kuna ng'ombe. Hao ndio uzee wetu hasa, na ndio nisioweza kuwaandika. Mwaka wa 1936 nilinunua mtamba mwenye uso mweupe kwa mshahara wangu, na kwa kuwa shambani kwa mzungu karani haruhusiwi kufuga, nikampeleka kwa Arap Kosgei, tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Kwetu tunaita kimanagan. Unamwachia rafiki ng'ombe wako katika boma lake. Yeye anakunywa maziwa na kuchunga, wewe unabaki mwenye ng'ombe na mwenye ndama. Nikapeleka wa pili mwaka wa 1941 na wa tatu mwaka wa 1948. Hakuna anayeandikiana. Na hakuna anayeuliza idadi, kwa sababu ng'ombe hawahesabiwi. Unawajua kwa rangi na kwa mama zao, unangoja habari ije kwa msafiri: yule wa uso mweupe amezaa, yule wa madoa amepata jike.

Kwa habari hizo, kichwani mwangu wako kumi. Lakini mimi ni karani, na kichwa si daftari.

Jumamosi, 7 Septemba

Nilipanda lori la maziwa hadi Nakuru. Posta wamethibitisha 612. Nikapita Bondeni kwa Gachanja, fundi wa cherehani. Zamani tulikuwa naye hapa shambani, yeye akiendesha trekta. Mwaka wa 1953, wakati wa Mau Mau, Wakikuyu walipopakiwa malori kuondolewa mashambani, aliacha mbuzi arobaini zizini, na aliporuhusiwa kurudi hakukuta hata kamba zao. Sasa hatupi karatasi yoyote. Risiti ya kiberiti ataikunja aiweke kwenye mkebe wa biskuti.

Nilimweleza mambo yangu. Alisimamisha cherehani.

"Uko na karatasi?" akaniuliza.

"Karatasi ya nini?"

"Ya ng'ombe. Inasema hii ni ya Karani, ile ni ya Karani."

"Kwetu hatuandiki."

"Basi huna ng'ombe, Karani. Uko na hadithi. Mimi pia nilikuwa na hadithi ya mbuzi arobaini." Akanikazia macho. "Huyo rafiki yako akikufa leo, vijana wake watakujua? Andika barua. Aseme ni ngapi, aweke kidole, na shahidi. Hiyo si matusi, ni akili."

Nimerudi na lori la jioni. Njia nzima nilikuwa namkasirikia Gachanja, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya barua.

Alhamisi, 12 Septemba

Kombaini ya kuvuna ngano imefika kutoka Rongai. Mvua imenyesha kidogo saa tisa. Goti la kushoto linauma.

Jumatatu, 16 Septemba

Tumeanza kuvuna. Magunia 94. Vumbi la ngano limenikaa kifuani kama kila mwaka.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimeandika. Niliandikia dukani kwa Gachanja kwa sababu nyumbani Chemutai angeuliza. Ninanakili hapa:

*Kwa Arap Kosgei. Salamu nyingi. Mimi mzima. Tafadhali niarifu idadi ya ng'ombe wangu walioko kwako, madume mbali, majike mbali, kufikia tarehe 31 Oktoba 1957, na uweke alama ya kidole mbele ya shahidi mmoja. Wako, Kiplangat arap Rotich, Karani wa Stoo.*

Nilipoisoma niliona ni barua ileile ninayowaandikia watu wa kinu cha unga kila mwezi, nimebadilisha magunia tu. Nilitaka kuichana. Gachanja akasema ni barua safi sana, haijawahi kuandikwa barua safi kama hii Bondeni, akanipa stempu yake mwenyewe. Nikaitia Posta.

Jumatatu, 30 Septemba

Magunia 186.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Magunia hakuna. Kofia amesimama mlangoni pa stoo akiitukana mbingu kwa Kiingereza. Ngano ikilowa ikiwa bado shambani huchipua masukeni na kinu hawaichukui. Wakati mwingine namwonea huruma. Halafu nakumbuka nyumba.

Jumatano, 9 Oktoba

Hakuna barua. Magunia 140, mengine mabichi, tumeyaanika upya. Mgongo.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada nilimwambia Chemutai kuhusu barua. Nilidhani atafurahi kwamba nashughulikia mambo. Alikuwa anasugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa, mkono ukasimama ndani.

"Umemuuliza Arap Kosgei idadi?"

"Nimeuliza kwa heshima. Nimeanza na salamu."

"Na kidole?"

"Ndiyo utaratibu, Mama Kipkemei."

"Wakati wa kumwolea Kipkemei, nani alikuja na ng'ombe wanne mpaka kwa wakwe bila kuitwa? Ulimwandikia? Ulimwambia aweke kidole?" Akasema, "Wewe umehesabu magunia mpaka umekuwa gunia." Akaingia ndani na kibuyu chake.

Ni kweli kuhusu mahari. Mwaka wa 1952 sikusema neno. Arap Kosgei alisikia tu kwamba kijana wetu anaoa, na siku ya siku alitokea kwenye ukungu na ng'ombe wanne, amelowa mpaka kiunoni. Hata asante hakuisubiri, aliuliza pombe iko wapi. Lakini wakati ule nilikuwa na kazi. Mtu mwenye kazi anaweza kungoja ukungu ulete ng'ombe. Nataka Chemutai aelewe hilo, wala sijui nitamwambiaje.

Jumanne, 15 Oktoba

Magunia 204. Chemutai hasemi nami ila kuniambia chakula kiko tayari.

Jumapili, 20 Oktoba

Barua ya Kipkemei. Mwanangu huyu ni dereva wa trekta kwenye shamba la chai Kericho, naye hupita Bureti mara mojamoja. Anaandika kwamba barua yangu ilifikia kanisani, ndiko barua za kijijini zinakofikia. Arap Kosgei hajui kusoma. Katekista aliifungua nje baada ya ibada akaisoma kwa sauti, mbele ya wazee, wake zao na wachunga ng'ombe. Alipofika kwenye "alama ya kidole" watu wengine walicheka. Arap Kosgei hakucheka. Alichukua fimbo yake akaenda nyumbani, hata barua hakuichukua.

Mwanangu amemalizia: "Baba, watu wanasema umemwita mwizi."

Nimesoma barua hii mara tatu. Sikumwita mwizi. Hakuna neno hilo popote katika barua yangu. Ninayo nakala hapa juu, naisoma, wala halipo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Magunia 178. Nimeanza barua nyingine ya kueleza ile ya kwanza. Nimeitupa jikoni.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo ndiyo tarehe niliyompa. Hakuna jibu. Mvua, magunia 31 tu. Nimeanza kuwaza vibaya na nitayaandika yalivyo: mbona mtu mwenye mikono safi asijibu? Gachanja angesema hivyo. Na mimi sasa nasema hivyo, hapa kwenye kitanda cha Kofia nitakachokiacha baada ya wiki sita.

Jumatatu, 4 Novemba

Jua. Magunia 231. Kifua.

Alhamisi, 7 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nitaanza saa nne asubuhi, nikiwa kwenye mzani.

Msimamizi wa kombaini alikuja mbio akisema kuna ng'ombe barabarani, wanaingia lango la shamba, na watu wawili wanamtaja Karani. Nikatoka na kalamu sikioni. Walikuwa wanapanda kilima wamechoka, miguu ina matope mekundu hadi magotini. Nyuma yao Kipketer, kijana mkubwa wa Arap Kosgei, mtu mzima mwenye watoto, pamoja na shemeji yake. Walikuwa wamepita msituni Mau siku nne ili askari wa mifugo wasiwaone, maana hawana kibali.

Niliwajua papo hapo. Sijawahi kuwaona wengi wao, lakini niliwajua. Mwekundu mwenye pembe iliyopinda ni mjukuu wa yule wa 1941. Wale wawili wa madoa ni ndugu. Majike wawili walikuwa na mimba, unaona tumbo linavyoning'inia. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kwa muda mfupi nilifurahi kama mtu aliyeona watoto wake.

Kipketer hakunipa mkono. Alisimama akaegemea fimbo.

"Mzee, baba amesema hivi. Karani ametaka idadi. Basi Karani ahesabu mwenyewe."

Na mimi nikahesabu. Mbele ya vibarua wote wa mavuno, kwa kidole, mmoja mmoja, kama magunia. Tisa. Nikarudia. Tisa.

"Wa kumi yuko wapi?"

Kipketer alinitazama. "Nimetumwa nilete. Sikutumwa nibishane."

"Ndama wa mwisho wa uso mweupe. Kipkemei aliniambia mwaka jana alikuwa mtamba tayari. Yuko wapi? Mwambie baba yako mimi si mtoto. Tisa si kumi!"

Nilipiga kelele. Sijui mara ya mwisho kupiga kelele hivyo ilikuwa lini. Chemutai alikuwa amefika na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kuwapokea wageni. Akamnyooshea Kipketer. Kipketer akasema kwa upole, "Asante, Mama. Siwezi." Mtu aliyetembea siku nne akakataa maziwa mkononi mwa mke wangu. Wakageuka wakaondoka na shemeji yake, hawakuangalia nyuma. Chemutai alibaki ameshika kibuyu mpaka wakapotea kwenye miti.

Halafu Kofia akaja na gari. Ana ng'ombe wa maziwa wa ulaya mia na ishirini ng'ambo ya ua.

"Ng'ombe ya nani hii?"

"Yangu, Bwana."

"Yako? Nani nasema wewe leta ng'ombe hapa? Hii natoka rizavu kule kwenu, iko kupe, iko ugonjwa! Ng'ombe yangu nakufa yote!" Uso ulikuwa mwekundu. "Kesho saa sita. Kama iko hapa kesho saa sita, mimi naita askari ya mifugo, napiga risasi yote."

Nikamwomba siku tatu. Akasema saa sita.

Tumewafunga nyuma ya stoo, kwenye majani yasiyofika ndoo mbili. Wanalia. Chemutai amekuwa nao tangu mchana, anawakagua masikio, anawataja mmoja mmoja kwa mama zao. Mimi nimekaa hapa. Ukitaka kujua mtu aliyepoteza kila kitu anafanya nini, anachonga kalamu.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi na mapema nilimtuma dereva wa lori la maziwa kwa Gachanja. Saa nne Gachanja akafika na mchinjaji wa Bondeni, mtu mnene mwenye viatu vya mpira. Ng'ombe wangekwenda wapi kwingine? Bureti hatungeweza kuwarudisha kwa saa mbili. Jirani ni wazungu pande zote. Soko la mnada limefungwa kwa karantini. Mchinjaji aliyajua yote hayo kabla hajashuka kwenye lori.

Alitoa shilingi sabini kwa kila mmoja. Ng'ombe mwenye mimba huuzwa mia na hamsini bila kelele. Gachanja alimshika mkono akamwomba, akamkaripia, mwishowe akamtukana kwa Kikuyu. Mchinjaji akaangalia saa yake, akaangalia nyumba ya Kofia. Sabini. Gachanja alikuja akasimama karibu yangu. "Karani, sikujua," akasema. "Kwetu ni kukosa karatasi ndiyo inatuua. Nilidhani kwenu karatasi itawaokoa." Simlaumu. Mkono ulioandika ni wangu.

Tisa mara sabini ni 630. Mchinjaji aliniandikia risiti, na Gachanja akainama asiione.

Walipopandishwa, yule mwekundu wa pembe iliyopinda aligoma, wakamsukuma. Chemutai hakutoka nyumbani. Nilimsikia akilia kwa sauti, vile wanawake wanavyolia msiba, na vibarua wakavua kofia zao. Kisha king'ora cha kazi kikalia na nikarudi kwenye mzani. Magunia 212.

Jumamosi, 9 Novemba

Kumenyesha.

Jumapili, 17 Novemba

Kipkemei amekuja kutuona. Amemkuta mama yake amekonda. Alipita Bureti juma lililopita na anasema ng'ombe wa kumi yupo. Yupo kwa Arap Kosgei, amefungwa karibu na mlango wa nyumba, na amezaa.

Nikasema, "Umeona? Amejizawadia. Tisa amerudisha ili watu wamwone mwaminifu, na mmoja aliye bora amebaki naye."

Kipkemei akasema, "Baba, mimi sijui. Mzee alipouliza habari zako nilisema mzima. Akauliza ng'ombe wanaendeleaje na safari. Sikumwambia niliyosikia kwa madereva wa malori."

"Hukumwambia nini?"

"Nyama."

Safari gani? Mzee anazeeka, maneno yake hayana mpango. Nimekasirika siku nzima na hasira inanichosha kuliko magunia. Hesabu mpya: 612 na 630 na 220, jumla 1,462. Miaka sita na miezi tisa. Kwenye karatasi mambo yetu yamekuwa mazuri.

Jumatano, 20 Novemba

Magunia 165.

Jumamosi, 30 Novemba

Gunia la mwisho la msimu limeshonwa leo saa kumi. Jumla 7,318, pungufu ya mwaka jana kwa mvua. Nimelipiga mhuri mwenyewe. Hakuna aliyesema kitu, wala mimi sikujua nilitegemea waseme nini.

Ijumaa, 6 Desemba

Kofia ameniita. Miezi miwili alisema, amenipa mwezi mmoja na nusu kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya. Shilingi 165. Pia barua: "Mtu mwaminifu na halewi." Na koti lake la zamani, zito, zuri kwa baridi ya Bureti. Akanipa mkono. Mkewe alitoka akampa Chemutai blanketi, akalia kidogo, nikashangaa.

Na karani mpya amefika, kijana kutoka Eldama Ravine. Nimemwonyesha panya wanakopitia.

Jumanne, 10 Desemba

Gachanja amekuja kutuaga na shati alilonishonea. Hakutaka pesa. Aliniuliza kama nitakwenda kwa yule mzee. Nikasema nitakwenda, nikadai ng'ombe wangu. Akasema, "Nenda. Lakini usiende na daftari."

Jumamosi, 14 Desemba. Bureti

Tulifika jana na lori la shamba la chai, Kipkemei alituombea nafasi. Tumelala kwa wana wa ndugu yangu. Leo asubuhi nilivaa shati jipya na koti la Kofia, nikatia mfukoni kitambaa chenye zile shilingi 630 za mchinjaji, na nikamwambia Chemutai abaki. Akafunga kitambaa chake akatangulia njiani.

Nilijua nitasema nini. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Njoro.

Lango la boma la Arap Kosgei lilikuwa wazi. Ni saa mbili asubuhi, ng'ombe wake wamekwenda malishoni, kwa hiyo sikuona ajabu, ila nguzo za kufungia zilikuwa zimelazwa kando na zimeota majani. Hazijaguswa siku nyingi. Karibu na mlango alisimama mwenye uso mweupe. Ni bibi yake yuleyule wa 1936, ungeapa amefufuka. Ubavuni ndama ananyonya.

Arap Kosgei alitoka. Amepungua sana. Tulitahiriwa mwaka mmoja na sasa angeweza kuwa baba yangu. Hakunisalimia. Alipita mbele yangu mpaka langoni, akatazama njia tuliyokuja nayo, huku na huku.

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Ng'ombe! Wako nyuma? Nani anawachunga?"

Sikuelewa. Nikamwuliza kwa nini ananiuliza mimi, aliyewaleta ni kijana wake.

"Niliwatuma kwako," akasema. "Ndiyo. Ulinitukana mbele ya kanisa, nikatuma ng'ombe wako wakukute kwenye nyumba ya mzungu, uwaone, uone aibu. Halafu uwarudishe. Kwa miguu yako, siyo kwa barua. Ukirudi nao nikupige fimbo moja, tunywe, iishe. Kipketer alipoondoka nililaza nguzo. Nikasema lango lisifungwe mpaka Kiplangat afike." Akaonyesha kwa fimbo. "Mwezi na zaidi. Usiku nimelala hapa nje na fisi."

Kule Njoro nilikuwa na saa ishirini na sita. Hata ningeelewa, nisingeweza. Lakini ukweli ni kwamba sikuelewa. Haikuniingia hata kidogo kwamba ng'ombe tisa waliopita msituni siku nne ni barua, na kwamba ilihitaji jibu. Mimi niliwahesabu tu.

"Nimewauza," nikasema. "Kwa mchinjaji. Mzungu alitaka kuwapiga risasi."

Alikaa chini pale langoni, juu ya nguzo. Chemutai akapiga magoti kando yake, naye alikuwa analia tena. Na mimi nikalia. Sikulia Njoro, nililia pale, na koti la mtu mwingine mwilini.

"Yule wa pembe?" akauliza.

"Naye."

"Na wale wa madoa wawili?"

"Wote."

Nilitoa kitambaa nikakiweka mbele yake. Nikasema ni zako, uliwachunga miaka ishirini na moja. Hakukigusa. Akasema, "Weka. Soko likiwa zuri nunua mtamba, mmoja, umlete. Ukipata tena, lete mwingine." Halafu akageuza kichwa kuelekea mlangoni. "Huyu sikumtuma. Ningetuma wote, mimi na wewe tungekuwa tumekwisha. Ungekuja hapa kufanya nini?"

Na mimi kwa mwezi mzima nilikuwa nikimwita mwizi katika daftari hili. Yameandikwa hapo juu, wala siyafuti.

Aliinuka kwa shida. Akachukua fimbo akanipiga moja begani, kupitia koti la Kofia, haikuuma. Mkewe alileta mursik. Chemutai alikunywa kwanza, kisha akanipa. Kipketer alitoka nyuma ya nyumba, akaanza kuzisimamisha nguzo za lango.

Tutajenga kwenye mawe ya baba. Arap Kosgei anasema mwenye uso mweupe abaki kwake, na maziwa ya jioni yawe ya Chemutai, atakuja kuyachukua mwenyewe akiweza kutembea, na asipoweza yataletwa.

Tuliporudi Chemutai ameniuliza kama niliona yule ndama ni dume au jike. Nimemwambia sikuangalia. Niliangalia. Najua pia wako wangapi wengine wa uzao wa yule wa 1936, ambao habari zao hazikunifikia, walioko kwa watoto wa Arap Kosgei, maana alinionyesha kwa fimbo tulipokuwa tunaondoka, kilimani, mmoja mmoja, kwa mama zao.

Sitaandika ni wangapi. Kurasa zilizobaki nitampa Chemutai awashie moto.